Fisi Aliyecheka Siku ya Wazazi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa au mnapiga miayo? Watoto nimewasikia. Kina baba kule nyuma wamebana midomo kana kwamba wamepewa maji wayashike. Tuanze upya, na safari hii kila mwenye mdomo aufungue. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa hapo. Sogezeni miguu, mpisheni huyo mama mwenye mtoto mgongoni. Hadithi ya leo ina fisi, na najua mkisikia fisi tayari mnajiandaa kucheka. Chekeni tu. Kucheka kwenyewe ndiko ninakotaka kuwasimulia.

Hapo zamani za kale, wanyama wote walikuwa na serikali moja, na serikali hiyo iliongozwa na Malkia Ndovu. Malkia alikuwa mkubwa, mzito, mwenye masikio yanayofika mbali. Ukinong'ona ng'ambo ya mto, ikulu wameshasikia. Malkia huyo alijenga shule kwenye mchanga wa mto. Akaizungushia ua wa miiba, akaweka lango, akamweka Mwalimu Korongo.

Mnajua walisoma nini? Hawakusoma a, e, i, o, u. Walisoma nyayo! Mchanga ndio ubao, nyayo ndizo herufi. Nani amepita hapa? Amepita lini? Alikuwa anakimbia au anatembea? Ameshiba au ana njaa? Mtoto asiyejua kusoma nyayo hakuruhusiwa kuhama na kundi kiangazi, maji yanapokauka na kila mwenye miguu anaondoka. Asiyehama na kundi alibaki, na aliyebaki kiangazi kilimmaliza. Kwa hiyo kusoma hakukuwa pambo. Kusoma kulikuwa uhai.

Wanyama wakapeleka watoto shule. Wakawafikisha langoni, wakawasukuma ndani, haoo! wakaenda zao. Hakuna aliyegeuka nyuma.

Siku moja Malkia akaja kukagua. Gu! Gu! Gu! Akamwita mtoto wa Swala. Akamwonesha nyayo za chui, mbichi kabisa, bado zina umande.

"Hizi za nani, mwanangu?"

Mtoto wa Swala akatazama, akafikiri, akasema, "Za shangazi."

Malkia akashika kichwa kwa mkonga.

"Mwalimu, unawafundisha nini hawa?"

"Nawafundisha nyayo, Malkia wetu. Asubuhi wanajua. Wakifika nyumbani hakuna anayewauliza hata mmeshindaje. Kesho wanarudi weupe, naanza upya."

Malkia akawaita wazazi. Wakaja, na kila mmoja ana lake mdomoni.

Nyani akasema, "Malkia, si kuna mwalimu? Mimi nikimpeleka mgonjwa kwa mganga, namtibu mimi?"

Mbuni akasema, "Mimi watoto ni wengi mno, na wengine sina hakika kama ni wangu. Nianze na yupi?"

Kiboko akasema, "Samahani, mmeuliza nini?"

Punda Milia ndiye aliyesema la maana. "Malkia wetu, kutwa tuko kwenye kazi zako. Huyu ana zamu ya ulinzi, yule ana zamu ya visima. Shule inafunguliwa tukiwa kazini na inafungwa tukiwa kazini. Tutaendaje?"

Malkia akapepea masikio, fwaa, fwaa. Akasema, "Hapo umenikamata. Basi serikali itasaidia."

Akatoa amri. Kila mwezi unapoandama, asubuhi moja kazi zote zisimame. Asubuhi hiyo iitwe Siku ya Wazazi. Kila mzazi aingie ndani ya lango, aketi mchangani na mwanawe mpaka somo liishe, ajue mtoto anasoma nini. Serikali itatandika majani ya kukalia, serikali itapika uji.

"Lakini nisikilizeni," akasema Malkia. "Kiangazi kikikaribia nitakuja mwenyewe. Mtoto ambaye mzazi wake hajaketi naye hata somo moja, atatoka shule. Siwezi kuwalea peke yangu."

Kazi ya kutangaza akapewa Bwana Ngiri, afisa wa serikali. Mnamjua Ngiri akikimbia. Mkia juu, wima, hauyumbi! Ti-ti-ti-ti-ti!

"Siku ya Wazazi! Kazi hakuna! Uji upo! Siku ya Wazazi! Kazi hakuna! Uji upo!"

Ti-ti-ti-ti-ti, mpaka akafika kwenye pango la Mama Chausiku.

Mama Chausiku alikuwa fisi. Alikuwa mtumishi wa usafi. Kila alfajiri alizunguka mbugani akikusanya mifupa na mabaki, ili nchi isinuke. Mume hakuwa naye, alikuwa na mtoto mmoja tu, Chausiku, na Chausiku alikuwa ndiyo roho yake.

Sasa tulieni kidogo. Fisi ana jambo moja ambalo wanyama wengine hawakulijua. Fisi akifurahi hacheki. Fisi anacheka akiogopa. Hofu inampanda kutoka tumboni, inapita kifuani, ikifika kooni inageuka kicheko. Hi-hi-hi-hiii! Hawezi kukizuia, kama wewe usivyoweza kuzuia kwikwi. Fisi wote wanalijua hilo. Wengine hawakulijua kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa na fisi akamuuliza.

Kicheko chake kinatokaje? Semeni nami: hi-hi-hi-hiii!

Hi-hi-hi-hiii!

Vizuri. Msicheke sana mkaniharibia hadithi.

Siku ya Wazazi ya kwanza ikafika. Mama Chausiku akaamka mapema. Akaoga mtoni, akajisugua kwa majani ya mrehani ili harufu ya mifupa imtoke. Maishani mwake hakuwahi kuvuka lango la shule. Moyo ulimdunda, du, du, du. Lakini alimpenda mwanawe kuliko alivyoliogopa lango. Akaingia. Akaketi nyuma kabisa, ubavuni mwa Chausiku, akakunja mkia.

Wazazi wamejaa! Nyani yuko pale, anamtoa mwanawe chawa, ubaoni haangalii. Mbuni ameketi na mtoto wa Kanga, anamshika shika kichwa, hajui kama si wake. Kiboko amelala fofofo, khoo, khoo, lakini amelala ndani ya lango, kwa hiyo amehesabiwa.

Mwalimu Korongo akapiga mabawa. "Karibuni, wazazi. Tuanze kwa kufahamiana. Kila mmoja asimame, ajitambulishe, aseme mwanawe anapenda nini katika masomo."

Nyani akasimama, akasema. Punda Milia akasimama, akasema. Zamu ikaja nyuma. Mama Chausiku akasimama. Macho yote, makubwa kwa madogo, yakamgeukia.

Akafungua mdomo aseme, "Mimi ni Mama Chausiku." Ikatoka, "Hi-hi-hi-hiii!"

"Mama," akasema Mwalimu, "kuna la kuchekesha hapa?"

"Hapana, Mwalimu, hi-hi, mimi ni, hi-hi-hiii!"

"Shule ya Malkia ni mzaha?"

"La, si, hi-hi-hi-hiii!"

Kadiri Mwalimu alivyokunja uso, ndivyo hofu ilivyopanda, na kadiri hofu ilivyopanda, ndivyo kicheko kilivyotoka. Watoto nao wakaanza kucheka. Nyani akapiga makofi. Mwalimu akaona kazi yake yote inafanywa upuuzi mbele ya wazazi. Akaashiria kwa bawa.

"Bwana Ngiri. Msindikize mama nje."

Ngiri akamsindikiza. Lango likafungwa, kwaa. Somo halijaisha, na Mama Chausiku hakuhesabiwa.

Alipogeuka kutazama, alimwona Chausiku ameinamisha kichwa mpaka pua imegusa mchanga.

Jioni, pangoni, Chausiku alilala ametazama ukuta.

"Mwanangu, njoo ule."

"Sina njaa."

"Nisamehe, binti yangu. Unajua hali yetu. Ni hofu tu."

"Najua, mama. Mimi najua. Wao hawajui, na mimi ndiye ninayebaki nao." Chausiku akavuta pumzi. "Mwezi ujao usije."

Mama Chausiku hakucheka. Hapo hapakuwa na hofu. Palikuwa na huzuni, na huzuni haina kicheko. Akasema, "Sawa, mwanangu," akatoka nje, akakaa kwenye vumbi la mlangoni kama aliyepigwa.

Alikaa hapo, akafikiri. Mimi sikusoma. Mimi nikitazama chini naona vumbi tu. Nitamsaidiaje huyu? Hata lango limenishinda. Alipokuwa akifikiri hivyo, Chausiku akatoka kunywa maji. Akasimama, akatazama vumbi, akasema bila kujua kama anasema:

"Leo mguu wa kulia unakuuma."

"Nani kakwambia?"

"Umeandika hapa." Akaonesha kwa pua. "Wa kushoto umezama, wa kulia umegusa tu. Na kile kidole chako kilichopigwa na ukwato wa punda milia, kimepinda nje."

Mama Chausiku akainuka haraka. "Hebu ngoja." Akatembea kwenye vumbi, huku na huku. "Na hapa nisomee."

"Hapa ulikuwa unafikiri. Hatua fupi, fupi, halafu umesimama."

"Na hapa?"

"Hapa umenidanganya, umerudi kinyumenyume!"

Wakatazamana. Tangu siku hiyo, kila jioni, kabla ya kula, Mama Chausiku alitembea vumbini na Chausiku akamsomea. Mara amebeba mfupa upande mmoja, mara ameruka, mara amechoka amejikokota. Mama hakujua kusoma hata unyayo mmoja, lakini alijua kuuliza. "Na hapa?" "Na hapa?" Chausiku akakosea, akarudia, akapata. Akawa msomaji hasa. Sijui mnanielewa, kina mama mnaosema hamwezi kumsaidia mtoto kwa sababu hamkusoma.

Mwezi ukaandama. Ti-ti-ti-ti-ti! "Siku ya Wazazi! Kazi hakuna! Uji upo!"

Chausiku akaondoka peke yake. Mama akamwacha atangulie, halafu akamfuata kwa mbali, mpaka langoni. Akasimama. Akauambia mguu wake:

"Ingia, mguu wangu, ingia."

Mguu ukasema, "Siingii."

"Ingia, mguu wangu, mwanangu yumo ndani."

"Siingii, siingii, watatucheka."

Akaunyanyua, akaurudisha. Akaunyanyua, akaurudisha. Kicheko kikaanza kumtekenya kooni. Akaona Bwana Ngiri asije akamsikia, akazunguka nyuma ya ua, akaegemea miiba, akatega sikio.

Ndani Mwalimu anaita. "Chausiku! Njoo usome hapa."

Mama akasikia: hi-hi-hi-hiii.

Masikio ya Mama Chausiku yakasimama. Alikijua kicheko kile. Kilikuwa chembamba kuliko chake, lakini kilikuwa kile kile.

"Tena unacheka!" Mwalimu anafoka. "Kila nikikuita unacheka. Kama mama yako. Nenda kona, usimame huko mpaka tumalize."

Hatua ndogo zikasogea, shi, shi, shi, zikaja mpaka kona ya ua, pale pale alipoegemea. Mama aliona manyoya ya mwanawe kati ya miiba. Akataka kumwita. Akafungua mdomo, akahisi kicheko kinakuja, akaufunga kwa mkono. Akaketi chini. Mtoto akasimama ndani, mama akaketi nje, mpaka somo likaisha.

Alipofika nyumbani aliuliza, "Shule wanakufanyaje ukiitwa kusoma?"

"Vizuri tu, mama," akasema Chausiku.

Wote wawili wakaendelea kula. Kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake maumivu, kama tunavyofanya wengi wetu, tukidhani ndio upendo.

Mwezi mwingine, vivyo hivyo. Akafika langoni.

"Ingia, mguu wangu, ingia."

Mguu ukasemaje? Semeni!

"Siingii!"

"Ingia, mguu wangu, mwanangu yumo ndani."

"Siingii, siingii, watatucheka!"

Akazunguka nyuma ya ua, akaketi kwenye kona, na mtoto ndani ya kona. Mwezi mwingine tena, hivyo hivyo.

Huku nje Bwana Ngiri akaanza kuona nyayo. Zinakuja langoni, zinazunguka ua, zinapotea. Ngiri kusoma hakujua, alikuwa afisa tu. Akavimba mashavu, akaenda kwa Mwalimu.

"Mwalimu, kuna mwizi. Anauvizia uji wa serikali."

"Nimeziona nyayo hizo," akasema Mwalimu. "Nimewapa watoto wakubwa wazisome, wameshindwa. Hata mimi zinanichanganya, zimekanyagana na za wazazi. Huyo mnyama anakuja kama anaingia, halafu haingii."

Basi kiangazi kikakaribia. Nyasi zikawa za njano, mto ukawa mwembamba. Siku ya Wazazi ya mwisho ikatangazwa, na Malkia Ndovu akaja mwenyewe. Gu! Gu! Gu! Wazazi wakajipanga, Kiboko akaamshwa, Mbuni akapelekwa kwa watoto wake halisi. Mama Chausiku naye alikuja. Lakini alipoona Malkia yupo, miguu yote minne ikasema siingii. Akajificha nyuma ya kichuguu, hatua chache kutoka langoni.

Malkia akauliza, "Yuko mtoto ambaye mzazi wake hajaketi naye?"

Bwana Ngiri akasema, "Yupo mmoja. Chausiku binti Fisi."

Chausiku akasogezwa mbele. Akainama. "Shikamoo, Malkia."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko... yuko kazini."

"Leo nchi nzima haina kazi, mwanangu. Nimeisimamisha mwenyewe. Mama yako yuko wapi?"

Chausiku akamtazama Malkia, miguu yake kama magogo, pembe zake kama matawi. Hofu ikapanda. Hi-hi-hi-hiii!

Wazazi wakaguna, aah! Kumchekea Malkia!

"Ndivyo walivyo, Malkia wetu," akasema Ngiri. "Mama na mtoto. Dharau ya ukoo."

Malkia akapepea masikio polepole. "Nilisema, na nimesema. Mtoto huyu atoke shule."

Nyuma ya kichuguu, Mama Chausiku alisikia kila neno. Kutoka shule ni kubaki kiangazi. Kubaki kiangazi ni nini, nimeshawaambia.

Mwalimu Korongo akakohoa. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mbaya. "Malkia wetu, tusimtoe bila kumsikiliza. Asome hata mara moja, isije ikasemwa tulimwonea."

Ngiri akadakia, "Basi asome zile za mwizi! Zile zilizowashinda wakubwa wake!" Akacheka kwa pua, ngrr, ngrr.

Wote wakatoka nje ya lango. Nyayo zilikuwepo, za zamani na za karibuni, zimekanyagana. Chausiku akasimama katikati ya macho yote, akatetemeka, hi-hi, hi-hi. Kisha akainamisha kichwa kutazama chini. Na alipotazama chini, macho ya watu hakuyaona tena. Aliona mchanga tu, na mchanga alikuwa ameuzoea, alikuwa anausoma kila jioni. Kicheko kikakatika.

Akatembea na zile nyayo, hatua kwa hatua.

"Huyu si mwizi," akasema.

"Soma, usiamue," akasema Mwalimu.

"Mguu wa mbele mkubwa, wa nyuma mdogo. Kucha butu. Amekuja kutoka upande wa mapango. Amekuja haraka mpaka hapa." Akasimama mbele ya lango. "Hapa amesimama. Amesimama sana, vidole vimezama. Hapa ameunyanyua mguu aingie, akaurudisha. Ameunyanyua, akaurudisha. Mwizi hafanyi hivi. Mwizi angeruka ua. Huyu alitaka kuingia kupitia langoni."

Mwalimu akanyoosha shingo.

Chausiku akazifuata nyayo mpaka nyuma ya ua, na wote nyuma yake. Akafika kwenye kona. "Hapa ameketi. Si mara moja. Mchanga umebonyea kwa kuketi tena na tena. Ameketi akiuelekea ua. Ndani ya ua hapa ni..." Akachungulia kati ya miiba. "Hapa ndani ndipo ninaposimamishwa mimi."

Akainama mpaka pua ikagusa chini. "Kidole cha pembeni kimepinda nje." Akainua kichwa. "Mama. Ni mama. Alikuwa anakuja. Kila mwezi alikuwa anakuja."

Na Chausiku akalia, alilia kwa sauti, hakujali nani anamtazama.

Mama Chausiku hakuuliza mguu wake tena. Alitoka nyuma ya kichuguu, kru-kru-kru, akapita katikati ya wazazi, akapita mbele ya Malkia, huku anacheka. Anacheka vibaya! Hi-hi-hi-hiii! Hi-hi-hi-hiii! Machozi yanamtiririka, na kicheko kinatoka, na haachi kutembea. Akamkumbatia mwanawe.

Bwana Ngiri akaruka. "Unaona, Malkia! Hata leo!"

"Malkia wetu," akasema Mama Chausiku, "hi-hi, nisikilize, hi-hi-hiii, nivumilie nimalize. Mimi, hi-hi, sikuchekei. Naogopa. Fisi akiogopa, hi-hi-hi, ndio hivi. Niliogopa siku ile ya kwanza. Nimeogopa kila mwezi. Naogopa sasa hivi hata sioni mbele. Na huyu mwanangu akiitwa na Mwalimu akacheka, hi-hi, si dharau. Ni mtoto anayeogopa. Anajua kusoma. Kila jioni ananisomea mimi nisiyejua kitu. Mkimtoa, nitoeni na mimi, lakini msiseme ana dharau."

Mwalimu Korongo akatazama ile kona. Akakumbuka kila alipomwashiria mtoto kwa bawa aende kusimama pale. "Nilidhani unanicheka," akamwambia Chausiku. "Nami nilikuwa nakuadhibu kwa kuogopa. Nimekukosea, mwanangu. Ningemuuliza mama yako siku ile badala ya kumtoa, ningejua."

Malkia Ndovu naye akashusha masikio. "Na mimi nimo. Nilisimamisha kazi, nikatandika majani, nikapika uji. Nikadhani nimemaliza. Sikuweka mtu wa kumpokea anayeogopa kuingia. Niliweka wa kumtoa tu."

Bwana Ngiri akashusha mkia. Jamani, mkia wa Ngiri ulishuka!

Ndipo Nyani akakuna kichwa. "Malkia, kwa kuwa tunasema ukweli... mimi namtoa mtoto chawa kwa sababu pale ubaoni sielewi kitu. Naona haya kuuliza."

Mbuni akasema, "Na mimi."

Kiboko akasema, "Mnadhani mimi nina usingizi kiasi kile?"

Kumbe! Kila mmoja alikuwa na hofu yake, kila mmoja ameivalisha nguo nyingine. Ya fisi tu ndiyo ilikuwa na sauti.

Malkia akarekebisha amri pale pale. Kabla mwezi haujaandama, Mwalimu apite nyumba kwa nyumba, anywe maji ya watu, amjue mtoto alikotoka. Siku ya Wazazi, asiulizwe mzazi anajua nini, mtoto ndiye amsomee mzazi, na kazi ya mzazi iwe kuuliza, "Na hapa?" Na Bwana Ngiri asimame langoni. Kila anayesita, asimwulize jina wala kazi, amwambie, "Karibu, twende wote."

"Na mtoto huyu, Malkia?" akauliza Mwalimu. "Mama yake hajaketi naye hata somo moja ndani ya lango."

Malkia akamgeukia Mama Chausiku. "Somo la leo bado halijaanza. Unaweza?"

Mama Chausiku akalitazama lango. Hi-hi, hi-hi. Bwana Ngiri akasogea, akakohoa, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyedhani anayo, "Karibu, mama. Twende wote." Wakaenda, Ngiri upande huu, Chausiku upande huu, na yeye katikati, anacheka njia nzima.

Wakapita. Akaketi mchangani, mbele kabisa. Hakuna aliyecheka naye, hakuna aliyemcheka.

Mwalimu Korongo akasimama langoni, akaonesha nyayo zilizoingia sasa hivi, mbichi, mchanga bado unaporomoka pembeni.

"Chausiku," akasema taratibu, "nisomee hizi."

Chausiku akainuka. Akatazama.

"Ni za mama," akasema. "Zimeingia."

Basi, wenzangu, mafunzo yake ni haya, nayasema waziwazi ili asiwepo wa kusingizia kuwa hakuelewa. Mtoto halelewi na mwalimu peke yake, wala na mzazi peke yake. Serikali ikiwapa wazazi nafasi ya kufika shuleni, imefanya jambo jema, lakini iweke na mtu wa kuwashika mkono wale wanaoogopa kuingia. Nawe mwalimu, kabla hujamhukumu mtoto, muulize aliyemzaa. Nawe mzazi, hata kama hukuvuka lango la shule maishani mwako, unaweza kumuuliza mwanao jioni, "Na hapa?"

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesikia amsimulie aliyesinzia, na wewe baba kule nyuma, mwezi ukiandama tutakutazama.